Chuo Kikuu Kimchague Nani? Njia Nne za Udahili Zikitazamwa Kutoka Lamu

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, baraza za Lamu huacha kwa muda habari za samaki na siasa, zikawa ni za kozi na vyuo tu. Siku hizi kuna jambo jingine linaloyapa mazungumzo hayo uzito. Watoto walioingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, ambao ndio wa kwanza kufika sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi, watabisha hodi vyuoni mwaka 2029 wakiwa wamesoma kwa mikondo mitatu tofauti, na kanuni za udahili zilizotungwa kwa ajili ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo) hazitawatosha. Katiba inataka wananchi washirikishwe katika mambo kama haya, na mikutano ya maoni ikija, mzazi wa Langoni au mwalimu wa Faza atatakiwa aseme anachokitaka. Wengi niliozungumza nao wanajua wasichokitaka, ila wamekwama kati ya njia zilizopo. Makala haya yanalenga kuwasaidia hao.

Ni vyema kwanza kujua ugomvi uko wapi hasa. Kenya humtaka mwanafunzi awe na gredi ya C+ ili asome shahada, yaani walau alama 46 kati ya 84 katika masomo saba. Katika mtihani wa 2024, watahiniwa 246,391 walifikia au kupita kiwango hicho. Kila mwaka zipo kozi zinazobaki na viti vitupu, huku udaktari, ufamasia, uuguzi, sheria na uhandisi zikigombewa na watu wengi kuliko nafasi. Mtu anayejadili udahili bila ya kutenganisha makundi haya mawili atajikuta anatunga kanuni kali kwa kozi zinazotafuta wanafunzi, na kanuni legevu kwa kozi ambazo kiti kimoja kinatakiwa na watu wengi.

Kila njia nimeiuliza maswali manne yale yale. Inapima nini, na kinachopimwa kinahusianaje na masomo yatakayofuata? Inamgharimu nini mwombaji kabla hajajua kama amechaguliwa? Inaweza kuchezewa vipi, na nani mwenye uwezo wa kuichezea? Na inapokosea, kosa humwangukia nani, na je, aliyeachwa anaweza kuelezwa sababu ya kuachwa kwake? Nakiri mapema kwamba swali la pili nalipa uzito kuliko wanavyolipa wenzetu wa Nairobi. Mtoto wa Kizingitini anayeitwa Nairobi hupanda chombo mpaka Lamu, akavuka tena hadi Mokowe, ndipo akaanza safari ya basi kupitia Witu na Garsen. Mwenzake wa mjini hupanda matatu moja, na jioni yuko kwao.

Alama za mtihani wa taifa

Hii ndiyo njia tuliyonayo. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilipoanzisha KUCCPS, asasi ya serikali inayowapanga wanafunzi vyuoni, badala ya ile bodi ya pamoja ya udahili, mwanafunzi hujaza machaguo yake mtandaoni, na mfumo humpanga kwa alama. Masomo manne yanayohusiana na kozi huunda kundi, alama za kundi hilo huunganishwa na zile za masomo saba, na hutoka nambari isiyozidi 48. Wawili waliopata B+ sawasawa wanaweza kuachana mbali hapa, ikiwa mmoja aling'ara katika kemia na biolojia na mwenzake katika historia na dini.

Kinachopimwa ni maarifa ya miaka minne pamoja na uwezo wa kukaa kitako na kuyaandika kwa muda uliowekwa. Si kitu kidogo, kwa sababu chuoni nako mitihani ipo. Tena mtahini anayesahihisha karatasi hajui kama mwenye nayo ametoka Karen, mtaa wa matajiri wa Nairobi, au Kipungani kwetu, wala hamjui mjomba wake. Kwa upande wa gharama, njia hii haina mshindani. Nimekaa na watahiniwa katika saiba, yaani duka la intaneti, mjini Lamu, na tumemaliza kujaza machaguo baina ya magharibi na isha, bila ya mtu kupanda chombo.

Kuchezewa kwake ni kwa jumla, na hutokea kabla ya udahili, pale karatasi zinapovuja. Mwaka 2015 waliopata gredi ya A walipita 2,600. Mwaka 2016, baada ya usimamizi wa mtihani kukazwa, walikuwa 141. Watoto hawakupotewa na akili katika miezi kumi na miwili. Aliyesoma kwa haki mwaka 2015 aligombea nafasi na umati wa alama za kununuliwa, na hakuna meza ambayo angeliweza kupeleka malalamiko yake.

Kosa la njia hii lina sura nyingine pia, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Alama humpima mwanafunzi pamoja na shule yake, lakini cheti huandikwa jina la mwanafunzi peke yake. Shule za msingi za Basuba, kwenye msitu wa Boni, zilifungwa kwa miaka kadhaa kwa sababu ya ukosefu wa usalama, na mtoto aliyepotewa na miaka hiyo hubeba pengo hilo mpaka kidato cha nne bila ya cheti chake kulitaja. Hata mahali penye utulivu, shule ndogo inapokosa mwalimu wa fizikia, wanafunzi wake huachishwa fizikia mapema ili wasiangushe wastani, na tangu siku hiyo uhandisi umekwisha kwao. KUCCPS itamwambia mtoto huyo, kwa uwazi kamili na bila ya upendeleo wowote, kwamba hakutimiza masharti ya kundi. Uamuzi wenyewe ulifanyika zamani, siku mwalimu alipohamishwa.

Njia hii humfaa mwanafunzi aliyepata shule iliyokamilika hata kama kwao hakuna fedha, na hukifaa chuo kisichokuwa na watu wa kusoma maombi kwa maelfu. Huifaa pia nchi ambayo imani ya wananchi kwa maofisa ni ndogo, na hilo si jambo la kupuuza.

Mtihani wa chuo na mahojiano

Hapa chuo hakitosheki na cheti. Oxford na Cambridge huwahoji waombaji wao. Makerere ilianzisha mtihani wake wa kujiunga na sheria, na Nairobi, Strathmore huwapa waombaji mtihani wa uwezo. Jirani zetu wa Tanzania wamejaribu pande zote mbili za swali la nani ashike kalamu: kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa tume yao ya vyuo vikuu, na mwaka 2017 waombaji wakarudishwa kuomba kwenye kila chuo.

Hoja ya wanaoipenda njia hii ni nzuri. Mwalimu atakayemfundisha mtu kwa miaka minne au sita ana haki ya kutaka kujua kama anaweza kufikiri jambo asilolikariri, na muuguzi asiyeweza kumsikiliza mgonjwa hatasaidiwa na A ya kemia. Kwa muziki, usanifu majengo na michezo, sioni namna ya kuikwepa: mpiga udi lazima asikiwe akipiga.

Lakini mahojiano ya kawaida, yale ya watu watatu mezani na mwombaji mmoja kitini, hupima kidogo kuliko wahojaji wanavyodhani. Mwaka 1979 bunge la Texas, Marekani, lilikiamuru chuo cha udaktari cha Houston kiongeze wanafunzi 50 baada ya uchaguzi kwisha, na chuo kikalazimika kuwachukua wale kiliokuwa kimewahoji na kuwaweka chini kabisa ya orodha. Walipofuatiliwa hadi kuhitimu na katika mwaka wa kwanza wa kazi, hawakuonekana kuwa nyuma ya wale walioteuliwa mwanzo. Chuo kikuu cha McMaster, Kanada, kilitafuta dawa yake kwa kugawa mahojiano katika vituo vifupi vingi, kila kimoja na mhojaji wake na swali lake, ili chuki au mapenzi ya mtu mmoja yasiamue mambo yote. Hiyo ni bora zaidi, ila inahitaji wahojaji wengi waliofundishwa kazi hiyo.

Gharama humwangukia mwombaji. Nauli, malazi, mwenyeji wa kumpokea, na nguo ya kuvaa, vyote hutafutwa kabla ya kuwa na hakika ya lolote. Mahojiano kwa simu au kompyuta yamepunguza sehemu ya mzigo huo, mradi mtandao usikatike katikati ya jibu. Kuna gharama nyingine isiyohesabika kwa shilingi. Mtoto aliyelelewa Lamu hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kujibu kwa ufupi, na kutojisifu. Mhojaji aliyelelewa kwingine huandika kwenye fomu yake kwamba mwombaji hakujiamini. Niliwahi kumwandaa msichana mmoja kwa mahojiano ya chuo nisichokitaja, na kazi kubwa tuliyofanya kwa wiki mbili haikuwa biolojia bali kumzoesha kumtazama mgeni usoni na kusema "I did" pale alipozoea kusema "tulifanya". Alikubali kwa shingo upande, na sikumlaumu.

Kuchezewa kwake ni kwa rejareja: simu moja, jamaa mmoja kwenye jopo, au kituo cha mafunzo ya mahojiano kinachotoza ada ambayo mvuvi hana. Na aliyeachwa haelezwi kitu, kwa kuwa "hakutuvutia" si sababu mtu anayoweza kuikatia rufaa.

Humfaa mwombaji mwenye kipaji kisichoonekana kwenye cheti, na hukifaa chuo kidogo chenye walimu wa kutosha na darasa la watu wachache.

Nafasi zilizotengwa na alama zinazopimwa kwa mazingira

Jina ni moja, lakini ndani yake mna vitu vinavyotofautiana sana, na mijadala mingi huvurugika kwa kuwa mmoja anasema hiki na mwenzake anajibu kile. Kimoja ni kuongeza alama kwa kundi: tangu mwaka 1990 Makerere iliwaongezea wasichana alama 1.5. Cha pili ni fungu la eneo: serikali ya Uganda, kuanzia mwaka 2005, ilitenga sehemu ya nafasi inazozilipia kwa ajili ya wilaya. Cha tatu ni fungu la aina ya shule: sheria ya Brazili ya mwaka 2012 iliwatengea waliosoma sekondari za umma nusu ya nafasi katika vyuo vikuu vya serikali kuu, na ndani ya nusu hiyo ikazingatia kipato cha familia na rangi. Cha nne ni cheo ndani ya shule: sheria ya Texas ya mwaka 1997 iliahidi nafasi katika vyuo vya umma vya jimbo kwa kila aliyekuwa katika asilimia 10 ya juu ya shule yake, shule iwe ya matajiri au ya mashambani, ingawa chuo cha Austin baadaye kiliruhusiwa kupunguza asilimia hiyo kwa sababu ya wingi wa watu. Kwetu Kenya, ibara ya 56 ya Katiba inaitaka serikali iwape makundi yaliyotengwa fursa maalumu katika elimu, na wasichana walishawahi kupunguziwa kiwango cha kuingia chuoni tangu enzi za bodi ile ya zamani.

Zote zinakusudia kupima umbali aliotoka mtu pamoja na mahali alipofika. Nahodha hahitaji kuelezwa jambo hili. Mashua mbili zikifika gati kwa wakati mmoja, moja imesukumwa na kusi tangu Mombasa na nyingine imepiga bisho siku nzima, hakuna atakayesema mabaharia wake ni sawa. Tatizo ni kwamba pepo za maisha ya mtoto hazionekani kwa macho, na lazima zithibitishwe kwa karatasi.

Hapo ndipo tofauti ya aina hizi inapodhihirika. Njia inayotegemea familia kutangaza umaskini wake ina ugumu mkubwa, nasi tumeuonja katika jambo la karibu. Mpango wa ufadhili wa mwaka 2023 uliwagawa wanafunzi katika madaraja ya uhitaji, na malalamiko ya watoto wa maskini kuwekwa madaraja ya wenye uwezo yakajaa nchini; Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, na shauri likaendelea katika Mahakama ya Rufaa. Huo ulikuwa ugawaji wa karo. Ukiufanya kuwa msingi wa udahili wa udaktari, ugomvi utakuwa maradufu. Fungu la wilaya ni rahisi kuthibitisha lakini huvamiwa: nchini Uganda ililalamikiwa kwamba watoto waliosomeshwa katika shule nzuri za Kampala walijitokeza kama wana wa wilaya za mbali. Sioni kwa nini Lamu ingeokoka, hasa penye fedha za bandari mpya na ardhi, ambapo wageni wanaojua kutafuta barua ya chifu hawakosekani.

Cheo ndani ya shule kinanivutia kuliko vyote katika kundi hili, kwa sababu jina la shule tayari limo katika kumbukumbu za mtihani na hakuna mzazi anayelazimika kujidhalilisha ofisini. Mwombaji hagharimiki kitu. Hata hivyo nacho huchezewa. Texas, baadhi ya familia zilipeleka watoto wao shule zenye ushindani mdogo. Na sisi tuliona mfano wake mwanzoni mwa 2011, watoto wa shule za msingi za umma walipopewa kipaumbele katika shule za upili za kitaifa: wazazi wa shule za binafsi walilalamika, na baadhi wakaanza kuwasajili watoto wao katika shule za umma kwa ajili ya mtihani tu. Ukidai mwanafunzi awe amesoma shuleni hapo miaka yote, mlango huo unazibika kwa kiasi kikubwa. Lakini yupo wa kuumia: mtoto maskini wa Matondoni aliyepata mfadhili akapelekwa shule kubwa ya kitaifa, akawa wa mia mbili huko.

Lipo neno moja ambalo watetezi wa njia hizi hulipitia haraka. Kumwingiza mtu na kumwacha hapo si hisani. Vyuo vya Afrika Kusini vimekuwa vikiendesha shahada zenye mwaka wa ziada kwa ajili ya wanafunzi wenye pengo la maandalizi, na gharama ya mwaka huo huhesabiwa ndani ya sera. Fungu lililotengwa bila ya mwaka kama huo huzalisha wanaorudi nyumbani muhula wa pili, kisha mtaa mzima ukaamini kwamba watoto wetu hawawezi.

Njia hizi hukifaa chuo cha umma chenye wajibu kwa eneo fulani, na humfaa mwanafunzi wa kwanza katika shule ya mwisho.

Kura baada ya kizingiti

Hii huchekwa mpaka itazamwe vizuri. Chuo huweka kiwango cha chini ambacho anayekifikia ana uwezo wa kumaliza kozi, kisha miongoni mwa waliokifikia wa kuingia hupatikana kwa kura ya bahati nasibu. Uholanzi ilifanya hivyo kwa udaktari tangu miaka ya 1970, kwa kura yenye uzito: mwenye alama za juu alikuwa na bahati kubwa zaidi, lakini hakuwa na hakika. Katika miaka ya 1990 msichana mmoja mwenye alama za juu mno aliikosa kura hiyo mara tatu, nchi ikachafuka, na waliopata wastani wa 8 na zaidi wakaja kuruhusiwa kuingia moja kwa moja. Kura ikafutwa mwaka 2017. Kisha, kwa kuwa uchaguzi wa vyuo wenyewe ulionekana kuwabeba watoto waliokwisha kubebwa na familia zao, vyuo vikaruhusiwa tena kuitumia kuanzia mwaka wa masomo wa 2023/24.

Haimgharimu mwombaji kitu, na haiwezi kuhongwa ikiwa inapigwa hadharani. Inakiri ukweli ambao njia nyingine huuficha, kwamba baina ya aliyepata 44.1 na aliyepata 44.0 katika alama za kundi hakuna tofauti ambayo mwalimu yeyote mwenye busara angeliapia. Udhaifu wake ni wa moyoni: mtoto aliyekesha miaka minne hukubali kushindwa na mwenzake kuliko kushindwa na karata. Haipunguzi pia kosa la kizingiti chenyewe, maana asiyekuwa na mwalimu wa fizikia hakifikii. Huifaa kozi yenye waombaji wengi waliolingana sana, nayo hufanya kazi vizuri ikifungwa pamoja na njia nyingine.

Uamuzi kwa hali mbalimbali

Ikiwa unatoa maoni kuhusu kozi zinazobaki na viti vitupu, alama za taifa na C+ zinatosha, na kuongeza mahojiano ni kuwatoza nauli watu ambao wangelipokewa vyovyote vile.

Ikiwa ni udaktari, uuguzi au sheria, ningepima mchanganyiko: alama kwa sehemu kubwa ya darasa, na fungu lililotajwa waziwazi kwa wanaoongoza shule zao baada ya kusoma hapo miaka yote. Mahojiano yakihitajika, yawe ya vituo vifupi na yafanyike Mombasa au Malindi, ili safari iwe ya mhojaji. Anayeogopa kwamba alama za mwisho za orodha zinapishana kwa nukta tu anaweza kupendekeza kura kwa viti hivyo vya mwisho peke yake.

Ikiwa chuo kipo kwa ajili ya eneo, kama Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kilichopewa hadhi kamili mwaka 2013, fungu la wenyeji lina hoja nzito, mradi uenyeji uthibitishwe kwa miaka ya kusoma shule za eneo badala ya barua, na mwaka wa maandalizi ulipiwe.

Ikiwa uko katika kamati ndogo ya msaada wa masomo, ya msikiti au ya mtaa, na mnajuana wote, epukeni mahojiano kabisa. Nyinyi ndio jopo lenye wajomba wengi kuliko jopo lolote. Kizingiti na kura mbele ya watu vitawaepusha na maneno.

Na ikiwa una mtoto Gredi ya 10 sasa, swali la kupeleka kwenye mkutano ni la masomo kabla ya kuwa la udahili: kama chuo kitadai mkondo wa sayansi kwa kozi fulani, shule iliyo karibu nawe inao mkondo huo, ina maabara, na mwalimu wa fizikia ameajiriwa au anasubiriwa? Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwa kila shule ya kaunti, kuanzia Mpeketoni mpaka Kiunga, kisha yasomwe kwa sauti kabla mtu hajanyanyua mkono kuunga njia yoyote kati ya hizi nne.